Simu ya Baba, Saa ya Mtoto: Mwongozo wa Kujifunza kwa Simu Mkoani Tanga

Mwishoni mwa mwaka 2017, watoto karibu 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga waligawiwa vishikwambi. Takriban robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Kila kijiji kilifungiwa kituo cha kuchajia kwa nguvu za jua, akawekwa na mtu wa hapo hapo kijijini wa kukitunza na kuwaangalia watoto. Mwalimu hakupelekwa. Kwa miezi 15 watoto hao walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa programu za Kiswahili zilizokuwa ndani ya vishikwambi hivyo.

Lilikuwa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, lenye kitita cha dola za Marekani milioni 15, lililofanyika kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Mei 15, 2019, jijini Los Angeles, washindi wawili walitangazwa: Kitkit School na onebillion, waliogawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Kufikia hapo, idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu.

Kupunguza kwa nusu si jambo dogo, hasa kwa mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu. Lakini nusu nyingine ilibaki ilivyokuwa, na hilo halisemwi sana jaribio hili linapotajwa. Jambo la pili lisilosemwa ni kwamba masomo yote yalikuwa yamewekwa ndani ya kifaa tangu mwanzo. Mtoto hakuhitaji bando ili asome. Mzazi wa Muheza, Pangani au Mkinga anayejiuliza simu aliyonayo inaweza kumfaa nini mwanawe, aanzie hapo: kifaa kinafundisha, lakini kinafundisha vizuri zaidi kikiwa kimejazwa mapema na kikiwa na mtu mzima kando yake.

Nchi hii iliwahi kuliona hilo zamani, enzi za redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu karibu milioni 2 Tanzania nzima, na haikuwaacha wasikilize peke yao. Walikaa vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Karibu miaka 50 baadaye, shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO mwaka 2020, watafiti nchini Botswana walijaribu njia mbili za kuwafundishia watoto hesabu kupitia simu za wazazi. Familia zilizotumiwa ujumbe mfupi peke yake hazikuonyesha maendeleo ya maana. Zilizotumiwa ujumbe na kupigiwa simu mara moja kwa wiki, mtu akazungumza na mzazi na mtoto kwa dakika chache, watoto wao walipanda. Hizo zilikuwa simu za kawaida kabisa, hata kiswaswadu kilitosha.

Kwa hiyo swali la kwanza si mtandao gani una kasi. Swali la kwanza ni nani atakaa na mtoto, na saa ngapi.

Katika nyumba nyingi za pwani hii simu janja ni moja, nayo ni ya baba au ya kaka mkubwa. Asubuhi inatoka naye: inakwenda baharini, shamba la mkonge, au kijiwe cha bodaboda. Mtoto akitoka shule anakula, anakwenda madrasa, anarudi jioni. Nafasi inayobaki ni usiku baada ya isha, na hapo ndipo simu huwa mikononi mwa mwenyewe akitazama mpira au akijibu ujumbe. Familia inayotaka simu ifundishe ikae ikubaliane: tuseme kuanzia saa 2 na nusu usiku, nusu saa au saa moja, simu iko mezani, ina chaji, na ni ya masomo. Binti apewe zamu yake kamili kama kaka yake. Hili linahitaji kusemwa wazi, kwa sababu nyumba nyingi simu humfikia mtoto wa kike ya mwisho, chaji ikiwa imebaki kidogo na usingizi umeshaanza.

Mezani kuwe na daftari na kalamu. Skrini ya simu ni ndogo na ukurasa wa kitabu cha kiada ulichapwa kwa ajili ya karatasi kubwa. Ukiufungua kwenye simu iliyosimama, maandishi yanakuwa kama punje za mchanga. Ilaze simu kwa upana, kuza mpaka mstari mmoja ujae skrini, soma aya moja, halafu igeuze simu kifudifudi na mtoto aandike kwa maneno yake alichoelewa. Akimaliza, mfunulie alinganishe. Njia hii ni ya polepole, ndiyo, lakini mtoto aliyeandika aya tatu kwa mkono wake amesoma zaidi ya aliyepitisha kidole kwenye kurasa 30.

Baada ya saa na daftari, tafuta cha kusoma. Wengi hukosea hapa: wanafungua YouTube, wanaandika jina la somo, wanapotea. Anza na vya nyumbani, vilivyotungwa kwa mtaala anaofundishwa mtoto wako. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao, ol.tie.go.tz, yenye vitabu vya kiada vya shule za msingi na sekondari, na kuvisoma ni bure. Kwa shule ambayo watoto wanne wanachangia kitabu kimoja, huo ni msaada mkubwa kuliko video yoyote. Soma hapo hapo mtandaoni, na panaporuhusiwa kupakua, pakua mara moja na uhifadhi kwenye memori kadi. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kuingia madarasani hatua kwa hatua, kwa hiyo muulize mwalimu wa darasa kitabu kinachotumika sasa kabla hujajaza simu kwa toleo la zamani.

Hazina ambayo wazazi wengi hawajaigusa iko kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA), necta.go.tz. Kila mtu anaijua siku ya matokeo, siku ambayo tovuti inazidiwa na wageni. Wachache hurudi siku nyingine kutafuta taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi ni taarifa zinazotolewa baada ya mtihani wa taifa, somo kwa somo. Zinachukua swali moja moja na kueleza lilipima nini, watahiniwa wangapi walilipata na wangapi walikosa, na kwa nini waliokosa walikosa. Kwenye swali la kuchagua, taarifa inaeleza aliyechagua A alichanganya nini na aliyechagua C alisahau nini. Kwenye maswali ya kuandika kuna picha ya jibu zuri la mtahiniwa halisi, mwandiko wake mwenyewe, na karibu yake picha ya jibu baya.

Mtoto wa darasa la saba akioneshwa ukurasa huo anaelewa jambo ambalo kukaripiwa hakujawahi kumfundisha: kosa lake ni kosa la maelfu ya wenzake, na lina chanzo kinachoweza kurekebishwa. Taarifa za darasa la saba kwa masomo yanayotahiniwa kwa Kiswahili zimeandikwa kwa Kiswahili, hivyo hata mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kuzifuata. Utaratibu mzuri ni huu: mpe mtoto swali alifanye kwenye daftari kwanza, halafu fungueni taarifa pamoja muone ameangukia kundi gani. Swali moja kwa usiku linatosha.

Kwa wadogo, African Storybook ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Mradi huo ulianza 2014 na hadithi zake zinaweza kupakuliwa zikasomwa bila mtandao. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kurushwa TBC1 Januari 2014, kinafundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo, na mdogo wake, Akili and Me, ni wa watoto ambao hawajaanza shule. Mwanafunzi wa sekondari ana Shule Direct, iliyoanzishwa 2013 na Faraja Nyalandu kwa kufuata mtaala wa Tanzania, ambayo iliwafikiria pia wasio na simu janja kwa huduma ya ujumbe mfupi iitwayo Makini SMS. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, nyingine nzuri na nyingine za mistari miwili tu, na programu ya Kiwix inakuwezesha kuibeba yote kwenye simu bila bando. Chagua toleo lisilo na picha kama nafasi ni ndogo.

Kuna mwanafunzi mmoja anayehitaji maneno yake peke yake: aliyeingia kidato cha kwanza kutoka shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiswahili. Ghafla Biolojia, Jiografia na hata Hisabati zinakuja kwa Kiingereza, na mtoto aliyekuwa wa tatu darasani anakaa kimya nyuma. Huyu simu inaweza kumwokoa akitumia mbinu moja. Kabla ya kusoma mada kwa Kiingereza, afungue kwenye maktaba ya TET kitabu cha Sayansi cha darasa la sita au la saba, aisome mada ile ile kwa Kiswahili. Mmeng'enyo wa chakula ni ule ule, mzunguko wa damu ni ule ule. Akishajua kinachosemwa, ndipo afungue kitabu cha kidato cha kwanza, aandike maneno mapya kumi kwenye daftari, kila neno na maana yake kwa Kiswahili. Afanye hivyo muhula mzima. Atakuwa anajifunza lugha ya Kiingereza kupitia jambo alilokwisha kulielewa, badala ya kugombana na vyote viwili kwa pamoja.

Sasa bando. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilihesabu takriban laini milioni 48 zinazotumia intaneti mwishoni mwa 2024, na ingawa mwenye laini mbili anahesabiwa mara mbili, ukuaji ni wa kweli. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti kwa watu wengi ilikuwa kitu cha kwenda kukilipia kwenye kibanda chenye kompyuta nne. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini. Pamoja na hayo, aliyeko Raskazone na aliyeko bondeni nyuma ya milima ya Usambara hawana mtandao mmoja. Kabla ya kununua laini kwa ajili ya masomo, azima simu ya jirani mwenye mtandao mwingine, kaa pale pale mtoto atakaposomea, fungua ukurasa mmoja wa maktaba ya TET, uone unafunguka kwa muda gani. Tangazo la barabarani lisikuamulie.

Video ndiyo inayokula. Kwa ubora wa 144p, saa moja ya YouTube hutumia takriban MB 90. Kwa 360p inafika kama MB 300. Ukiiacha simu ichague yenyewe ubora wa juu, GB moja inakwisha kabla ya somo. Mwalimu anayeandika ubaoni anasomeka vizuri kwenye 240p au 360p, kwa hiyo shusha ubora kabla ya kuanza. Kwenye WhatsApp, ingia kwenye mipangilio uzime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Vichekesho vya kundi la ukoo vinaweza kumaliza bando lililonunuliwa kwa ajili ya Kemia. Vifurushi vya usiku mara nyingi ni nafuu kuliko vya mchana: pakua usiku, soma kesho. Wenye simu kadhaa mtaa mmoja wachangie, mmoja apakue, kisha warushiane kwa Bluetooth au kwa programu za kurushiana mafaili, kama vijana wanavyorushiana nyimbo kila siku.

Kupakua si suala la gharama tu. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, intaneti ikazorota Tanzania nzima na nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Mwanafunzi aliyekuwa na vitabu vyake kwenye memori kadi aliendelea kusoma.

Kundi la WhatsApp la masomo linaweza kuwa chombo bora kuliko vyote hivi, kwa sababu lina watu ndani yake. Mengi hufa kwa sababu moja: kila mtu anatupia chochote, mara mafaili 20 ya mitihani iliyopita kwa mkupuo, na hakuna anayeyafungua. Anayetaka kuanzisha la wazazi wa darasa moja, pale Makorora au Kigombe, aweke masharti machache na ayasimamie. Swali moja tu kwa usiku. Jibu liwe picha ya daftari, mwandiko wa mtoto, si herufi A au B. Mwalimu, au kijana wa kidato cha sita aliyeko likizo, asahihishe kwa ujumbe wa sauti. Sauti ya dakika moja haifiki hata MB moja, na mtoto akimsikia mtu akimtaja kwa jina, "Mwanaidi, mstari wa pili umesahau kubadili kuwa sentimita," hatalisahau kosa hilo. Mwalimu huyo apewe heshima yake, na wazazi wakiweza wamchangie hata vocha. Anafanya kazi usiku.

Watu wazima nao wamo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ilishirikiana na Airtel kuanzisha VSOMO mwaka 2016: nadharia ya ufundi unasoma kwenye simu, vitendo unakwenda kuvifanya chuoni. Mpangilio huo ndio wa kufuata hata ukijifunza mwenyewe kushona, kutengeneza pikipiki au kusindika mwani: video ikuonyeshe, kisha nenda kwa fundi aliye karibu akusimamie mkono. Aliyeacha shule, wakiwemo mabinti waliopata watoto, aulizie Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo Tanga na kimezoea wanafunzi wanaosomea mbali. Mkulima anaweza kupiga *152*00# kwenye simu ya aina yoyote akapata huduma za serikali, M-Kilimo ikiwemo, bila intaneti kabisa.

Akili bandia, mfano ChatGPT, sasa inajibu kwa Kiswahili chepesi na inaweza kumfafanulia mtoto jambo kwa subira. Pia inaweza kukosea kwa lugha ya kujiamini mno. Itumie kuuliza "nifafanulie", usiitumie kuuliza "nifanyie", na jibu lake lilinganishwe na kitabu cha TET kila mara.

Ukinunua simu iliyotumika, bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho, itume kwenda 15090 uhakikishe si bandia. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia, na waliokuwa nazo walibaki na vyuma mkononi. Simu za mkopo wa kulipia kila siku zimewafikisha wengi mtandaoni, lakini nyingi hujifunga ukikosa rejesho, pengine wiki ya mtihani, kwa hiyo piga hesabu ya siku mbaya za mapato kabla ya kusaini. Anayekutumia ujumbe wa "ufadhili wa masomo" akitaka utangulize ada ni tapeli: peleka ujumbe na namba yake kwenda 15040. Na kwa mtoto mdogo, sheria bora ya usalama ni mahali pa kukaa: simu itumike sebuleni au barazani, skrini ikionekana, si chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na wa kidato cha nne Novemba. Mwenye mtoto katika madarasa hayo asisubiri mwezi wa mwisho. Wiki hii pakua taarifa moja ya NECTA, ya Hisabati kama huna uhakika uanze na ipi, nunua daftari jipya, na umwambie mtoto simu itakuwa mezani saa ngapi.